Lisbon peke yangu siku sita: ngazi, pochi iliyoibwa na dhahabu ya Kilwa

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita binamu yangu kaniambia na yeye anataka kwenda Ulaya peke yake kutembea, sio kusoma, sio kazi, kutembea tu, akaniuliza "dada ilikuaje kuaje?" nikajikuta naongea masaa mawili mpaka chaji ikaisha. Bora niandike mara moja, nitakua namtumia kila anayeuliza.

Mimi mtu wa Kilwa Masoko, naishi Dar, nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Sina hela za ajabu, niliweka kwenye kikoba miaka mitatu. Kwa nini Lisbon, huko Ureno? Hilo kila mtu kaniuliza, kwa nini sio Paris, kwa nini usiende Dubai ukabeba na nguo za kuuza. Jibu lake linaanzia darasa la sita tulipovushwa na mashua kwenda Kilwa Kisiwani, tukaonyeshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na lile Gereza pale ufukweni, mwalimu akatuambia Wareno walikuja 1505 wakaupiga mji wakajenga ngome, sisi akili zetu zote zipo kwenye maandazi tuliyobeba. Basi ikaishia hapo. Miaka mingi baadae nipo kazini nasubiri meli ishushe, nasoma soma kwenye simu, nakutana na habari kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno, dhahabu ikafika Lisbon 1503, na mfalme Manuel akaagiza itengenezwe chombo cha kuwekea ekaristi kanisani, kikakamilika 1506, na kipo mpaka leo kwenye makumbusho. Mpaka leo! Mimi nimezaliwa pale na sijawahi kusikia. Nikasema nitaenda nikaione kwa macho yangu, iwe iwavyo.

Nianze na visa maana hapo ndio nilipopigwa kwanza. Ombi la kwanza nilikataliwa na kosa ni langu. Kikoba kilivunjwa, nikaingiza milioni saba kwenye akaunti kwa mkupuo, wiki moja baadae nikaprinti taarifa ya benki nikaambatanisha. Hebu jiweke wewe kwenye kiti cha anayekagua, akaunti ambayo mwaka mzima inapumulia laki nne laki tano, ghafla milioni saba zimeanguka kutoka mbinguni. Wanajua kabisa mchezo wa watu kuazimana hela za kuonyesha. Nikapata barua imewekewa tiki pale panaposema sijathibitisha uwezo wa kujikimu. Euro 90 za visa hazirudi, na hela ya huduma ya wakala wa kupokea maombi nayo hairudi. Mara ya pili nikasubiri miezi mitano hela imetulia kwenye akaunti, nikaambatanisha barua ya kikoba yenye sahihi ya mwenyekiti na mhuri, salary slip za miezi sita, barua ya likizo inayotaja tarehe ya kurudi kazini, hati ya kiwanja cha Kilwa, bima ya safari inayofika euro 30,000 (chini ya hapo hawapokei), na buking ya chumba ile inayokubali kufutwa bure. Tiketi ya ndege usilipie kabla visa haijatoka, weka riziv tu. Nilipata siku zilezile nilizoomba, hata moja ya ziada hakuna.

Nilichagua Novemba kwa sababu nauli inashuka na vyumba pia. Nilichosahau kuuliza ni mvua. Mvua ya Lisbon mwezi wa kumi na moja sio ile ya Dar inayopiga saa moja ikaisha watu wakatoka kuuza mihogo, hii inanyunyiza asubuhi, inaacha, unatoa koti, inarudi. Baridi yenyewe ya kawaida tu, digrii kumi na kitu, ila unyevu unaingia mpaka kwenye soksi.

Jumamosi mchana nikatua. Metro, treni ya chini ya ardhi, inaingia mpaka uwanja wa ndege, mstari mwekundu, nikabadilisha Alameda kuchukua wa kijani mpaka Martim Moniz. Vituoni kuna mashine za kuuza kadi inaitwa Navegante, nusu euro, unaiwekea hela, inatumika metro, basi, tram na pantoni pia. Kila mtu na kadi yake, hamuwezi kugonga wawili kwa kadi moja. Hilo halikunihusu nilikua peke yangu, ila nimeona wanandoa wamekwama pale getini wanagombana.

Sasa chumba. Niliona kwenye simu chumba euro 42 kwa usiku mtaa wa Graça, madirisha yanaangalia mji wote, ramani inasema dakika kumi na moja kwa miguu kutoka kituoni. Ramani haikudanganya, ni dakika kumi na moja kwa mtu asiye na begi la kilo ishirini na tatu, na ramani haisemi kwamba Graça ipo juu ya kilima na njia ya kwenda huko ni ngazi. Ngazi! Watu wa Lisbon wanasema mji wao una vilima saba, mimi nilivihesabu kwa magoti. Na barabara za waenda kwa miguu zimepangwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vizuri mno, vina maua na mawimbi, vikilowa ni sabuni. Nilianguka mara mbili siku ya kwanza, ya pili mzee mmoja aliyekua anauza njugu za kuchoma (wana njugu kubwa za mti wanazichoma kwenye majiko ya mkaa njia panda, moshi mweupe mtaa mzima, nikakumbuka mahindi ya Kariakoo) akaja kuninyanyua akaniongelesha Kireno kirefu nadhani alikua ananigombeza kuhusu viatu. Alikua na haki, nilivaa raba zimeisha soli. Kufika, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nilipanda kwa awamu. Alafu mwenye nyumba akaniambia kuna kodi ya jiji, euro 4 kwa kila usiku, tena kwa kila mtu, haipo kwenye bei niliyolipa. Usiku sita ni euro 24, nilinunua euro kwa karibu 3,000 kwaiyo piga mwenyewe hesabu. Ukibuki chumba Lisbon soma maandishi madogo, na tafuta mtaa wa chini, Baixa au karibu na kituo cha metro, hata kama ni ghali kidogo. Utaokoa magoti.

Jioni ile nina njaa ya kufa nikashuka kwenye mgahawa wa kwanza niliouona wenye taa nzuri. Sijaagiza bado, wakaniletea mkate, siagi, zeituni na kipande cha jibini. Nikasema jamani ukarimu huu, nikala vyote. Nikaagiza supu ya mboga za majani inaitwa caldo verde, imekatwa katwa kama sukuma wiki kabisa, nikafurahi, kufika katikati nakutana na vipande vya soseji vyekundu. Nikauliza, porco. Nguruwe. Nikaweka kijiko chini. Bili ilipokuja mkate upo, siagi ipo, zeituni zipo, jibini lipo, supu ambayo sikumaliza ipo, jumla euro 23. Kwaiyo hivi: kile wanachoweka mezani kabla hujaagiza kinaitwa couvert na kinalipiwa, ukikiacha bila kukigusa haulipi, au unasema tu "não, obrigada" anakiondoa wala hanuni. Na kama huli nguruwe jifunze maneno matatu, porco (nguruwe), chouriço (soseji yake), presunto (paja lake la kukausha), maana nguruwe wao wanamtia mpaka kwenye supu ya majani.

Lakini kuna kitu kimoja kilinifariji usiku ule nikirudi. Nilikua nasoma vibao. Nikaona IGREJA imeandikwa mlangoni mwa kanisa, nikaisoma kwa sauti nikasimama. Igreja. Gereza. Wataalamu wa lugha wanasema neno letu gereza lilitoka huko, kwa Wareno lilikua kanisa, kwetu likawa ngome likaishia kuwa jela, fikiria mababu zetu waliyaona nini humo ndani mpaka neno likahama hivyo. Tangu hapo nikawa natafuta: mesa ni meza, bandeira bendera, vinho mvinyo, lenço ndio leso. Nilikua natembea mtaani nacheka peke yangu kama chizi.

Jumapili ndio siku niliyoiharibu kuliko zote na niliiharibu kwa orodha. Nilikua nimeandika sehemu 14 za kuona siku moja, nimezichukua kwenye video za watu. Saa mbili asubuhi nipo Praça do Comércio, uwanja mkubwa wa njano unaotazama mto Tejo, katikati sanamu ya mfalme José wa kwanza juu ya farasi. Napiga picha naondoka. Tao la Rua Augusta, picha, naondoka. Pale Rua Augusta wanaume wanakupita karibu wanakunong'oneza wanauza bangi na hashishi, mara nyingi ni majani ya jikoni tu yamefungwa vizuri, wewe usijibu usisimame, nyoosha njia. Nikapanda mpaka Carmo, kanisa lisilo na paa, nguzo na matao yamebaki kama mbavu za nyangumi, liliangushwa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Siku ya Watakatifu Wote ile, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa kila mahali, ardhi ikatikisika, mto ukapanda ukaingia mjini, alafu moto ukawaka kwa siku kadhaa. Ndio maana mji wa chini, Baixa, mitaa yake imenyooka kama daftari la hesabu, ulijengwa upya wote chini ya waziri aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal. Jumapili ndani hawafungui, ila hata pale nje nilitamani kukaa. Mvua inaingia moja kwa moja ndani ya kanisa, kimya. Nilikaa dakika nane kwa sababu orodha ilikua inaniita. Mpaka leo inaniuma kidogo.

Sehemu ya tisa ilikua tram 28. Kigari cha njano cha mbao kinachopanda vilima kwa kukwaruza kona, kila mtalii anakitaka, foleni Martim Moniz karibu saa nzima, mnaingia mmebanana kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Na mimi mtoto wa daladala, ninayejua kabisa kushika mkoba kifuani nikiwa Kariakoo, nikajisahau kwa sababu nipo Ulaya. Kamkoba begani, pochi kwenye mfuko wa nje, mikono yote miwili juu nashika simu narekodi video. Kona ya pili kuna mtu kanigusa mgongoni kama kateleza, akaomba radhi kwa tabasamu. Nilikuja kujua nimeibiwa nilipotaka kununua maji. Euro 140 na kadi ya benki. Pasipoti niliiacha chumbani namshukuru Mungu.

Hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu kuibiwa ni dakika moja lakini kufunga kadi kulinichukua masaa matano. Laini yangu ya Tanzania nilikua nimeizima, natumia laini ya intaneti ya kigeni niliyonunua mtandaoni. App ya benki ili nifunge kadi inataka namba ya siri inayotumwa kwa meseji, meseji inaenda laini ya Tanzania, laini ya Tanzania haina rominga maana sikuiwasha kabla ya kuondoka. Namba ya huduma kwa wateja ni ile fupi haipigiki kutoka nje. Mwisho mdogo wangu Dar ndiye alienda kugombana nao kwa simu mpaka wakaifunga, na ilikua Jumapili. Polisi kuna kituo cha watalii Praça dos Restauradores, wanaongea Kiingereza, wakaniandikia karatasi ya kupeleka bima, wakaniuliza kama nimeona sura ya mtu, nikasema nimeona tabasamu.

Kwaiyo: washa rominga hata ya meseji tu kabla hujapanda ndege ujaribu ukiwa bado Tanzania. Beba kadi mbili za benki tofauti, moja ilale chumbani. Andika namba ndefu ya benki, ile inayoanza na 255, kwenye karatasi. Hela za mkononi gawanya. Mimi nilikua na kadi ya pili na euro 200 ndani ya kopo la vaselini tupu kwenye begi, hiyo ni akili ya mama yangu sio yangu, nilimcheka wakati ananifungashia.

Jumatatu nikaamka nimenuna lakini nikajiambia leo naenda kuona dhahabu yetu, mengine baadae. Makumbusho yanaitwa Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, yaani madirisha ya kijani. Nikatembea kwenye mvua kuokoa nauli. Milango imefungwa. Jumatatu wanapumzika. Nikasema haya, niende Belém kwenye kaburi la Vasco da Gama, nikapanda tram 15 nimeukumbatia mkoba kama mtoto mchanga, kufika kwenye monasteri ya Jerónimos, imefungwa. Jumatatu! Sehemu nyingi za serikali zinafungwa Jumatatu na mimi ambaye niliangalia hali ya hewa ya wiki nzima sikuangalia hilo.

Nikanunua vitobosha viwili vya maziwa na mayai pale kwenye duka lao la keki la tangu 1837, vya moto, unanyunyizia mdalasini. Sitaki kusema uongo, vile vilinipunguzia hasira. Nikavuka kwenda kwenye lile sanamu la mabaharia linalochongoka kama tanga kuelekea mtoni. Chini yake kwenye sakafu kuna dira kubwa ya mawe ya rangi na katikati ramani ya dunia, ina meli na miaka Wareno walipofika kila mahali. Nikaitafuta pwani yetu. Nikasimama juu yake na viatu vilivyolowa, mtoto wa Kizungu anakimbia juu ya Bahari ya Hindi.

Usiku huo nililia. Naliandika hili kwa sababu kwenye picha za watu wanaosafiri peke yao hakuna anayelia. Siku tatu nilikua sijaongea na mtu zaidi ya kuagiza chakula, nimekula mkate mkavu na dagaa wa kopo kwa sababu ya bajeti, nimeibiwa, nimekuta milango imefungwa, na mama kila akipiga naongopa nipo sawa. Ukisafiri peke yako hakuna wa kumwambia "ona lile," alafu furaha inakua nusu, na hasira inakua mara mbili maana hakuna wa kugombana naye. Siku ya tatu ndio mbaya. Nimewauliza wawili wengine waliosafiri hivi wakasema hivyohivyo.

Nikashuka Martim Moniz kutafuta chakula cha halali, pale kuna maduka ya Wabangladeshi, Wahindi, Wachina, Waafrika, kila kitu kipo mpaka mihogo na unga. Nipo dukani namtumia mdogo wangu sauti, namwambia "mwenzio nimechoka nataka ugali," nyuma yangu mama mmoja akasema: "Dada, we mtu wa wapi?" Nusura nidondoshe mchele. Mama wa Kimakonde kutoka Palma, ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, Kiswahili chake kina lafudhi ya huko na Kireno kinachungulia humo ndani, yupo Lisbon mwaka wa tisa anafanya usafi maofisini. Akanishika mkono kama ananijua. Akanipeleka hatua chache mpaka Largo de São Domingos, kiuwanja ambacho Waafrika wanakutana jioni, wazee wa Guinea-Bissau wamekaa wanapiga stori, akanionyesha kanisa lililoungua 1959 ambalo kuta za ndani wameziacha na makovu yake. Akaniambia humo zamani sana Waafrika wa Lisbon walikua na chama chao cha kuzikana. Nikamwambia, mama yangu, mimi nimekuja kutafuta dhahabu ya Kilwa, akacheka sana. "Dhahabu? Na mimi nilikuja kutafuta hiyohiyo, nimekuta ndoo na fagio."

Ni yeye aliyenifundisha kula. Usile panapotazamana na sanamu wala penye menyu ya picha, ingia uchochoro wa nyuma saa saba mchana, tafuta mlango wenye karatasi imeandikwa kwa mkono prato do dia, yaani chakula cha siku, wanapokula mafundi wenye rangi kwenye suruali. Samaki wa kuchoma, viazi, saladi, euro 9, mara nyingine na kahawa juu. Nikala hivyo siku zote zilizobaki.

Jumanne asubuhi nikarudi Janelas Verdes. Nikalipa, nikauliza, nikaelekezwa. Nilitegemea kitu kikubwa, kumbe ni kitu cha kimo cha kama sentimita sabini hivi, ndani ya kioo, taa imeelekezwa. Dhahabu imefumwa kama lesi, mitume kumi na wawili wamepiga magoti wadogo wadogo wamepakwa rangi, kila mmoja na nywele zake, juu yao njiwa, juu kabisa Mungu Baba wao. Fundi anaitwa Gil Vicente. Na kwenye maelezo nikaona Quíloa. Ndivyo wanavyoiandika Kilwa.

Sikujua nitahisi nini. Nilidhani nitakasirika. Kilichonijia kwanza ni kwamba ni kizuri, kizuri kupita kiasi, nikaona aibu kukiona kizuri. Alafu nikawaza ile dhahabu yenyewe ilitoka bara huko, migodi ya upande wa Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, watu wa Kilwa wakaifanyia biashara, kwaiyo na sisi tulikua madalali tu, kabla haijawa yetu ilikua ya mtu mwingine aliyechimba kwa mikono. Nikakaa kwenye benchi. Safari hii sikua na orodha, nikakaa saa nzima na dakika kumi, mlinzi akawa ananipita ananitazama, mwisho akanisogelea akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mtaalamu wa sanaa. Nikamwambia hapana, mimi natoka huko, nikaonyesha kidole kwenye neno Quíloa. Akasoma, akanitazama, akasema tu "ah." Akaenda akasimama upande mwingine wa chumba.

Nikirudi kwa miguu nilipita mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros, kisima cha weusi. Mwaka 1515 mfalme yuleyule Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa, maana ilikua inaachwa ovyo. Leo ni mtaa wa mikahawa na maduka ya nguo. Nilinunua kahawa hapo, nikainywa nimesimama.

Jumatano Belém ilifunguliwa. Kwa wenye bajeti kama yangu, kanisa la Jerónimos linaingiwa bure, kinacholipiwa ni ua wa ndani, na foleni zake ni mbili tofauti, mimi nilisimama dakika arobaini kwenye isiyo yangu. Kaburi la Vasco da Gama lipo pale unapoingia tu, amelazwa wa jiwe mikono kifuani kama anaomba dua. Alifia India 1524, mifupa yake ikaletwa hapo 1880. Nilimtazama kidogo nikatoka, jua lilikua limetoka.

Usiku nikaenda mtaa wa Alfama kusikiliza fado, nyimbo zao za huzuni. Alfama jina lake ni la Kiarabu, al-hamma, ukoo mmoja na hamamu yetu, Waislamu waliushika mji huu miaka mamia mpaka 1147. Vichochoro vile, nguo zimeanikwa juu ya kichwa, paka, akina mama wanaongea dirisha kwa dirisha, ukinifunga macho ukanifungulia hapo ningesema Mkunazini ya Unguja. Uliza kwanza kama kuna kiwango cha chini cha kulipa, mimi nilikuta euro 25 hata ukinywa maji. Taa zikazimwa, gitaa la nyuzi kumi na mbili likaanza, mama mmoja wa makamo amejifunga mtandio mweusi akafumba macho akaimba. Mimi kwa mazoea ya taarabu, wimbo ukikuingia si unainuka unaenda kutunza? Nikatoa simu nikaanza kumrekodia mdogo wangu nikimsimulia kwa sauti ya chini. Mzee wa meza ya pembeni akanigeukia, "shhh!", chumba kizima kikanigeukia. Kwenye fado hata kijiko hakigongi sahani. Nikaweka simu mkobani, na wimbo wa tatu machozi yakanitoka bila kuelewa neno hata moja isipokua mesa.

Alhamisi nilikua nimechoka vilima. Ngome ya São Jorge niliiona foleni yake nikaiacha, nikapanda Senhora do Monte ambako ni bure na unaiona ngome yenyewe na mto. Mchana nikafanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza kama ningekua na akili, nikashuka Cais do Sodré nikapanda pantoni kwenda Cacilhas, ng'ambo ya Tejo, dakika kama kumi, nauli ya wenyeji. Ni Kigamboni kabisa, watu wanarudi kazini wamesinzia, mwenye baiskeli, mama na mifuko ya sokoni, daraja jekundu la 25 Aprili linakaa kulia kwako na mji wote unabaki nyuma mweupe juu ya vilima vyake. Nikaenda nikarudi mara mbili.

Hela zote jumla, na ile visa iliyokataliwa na hela iliyoibwa, ni kama milioni tano na nusu na chenji. Tiketi peke yake milioni mbili na laki sita kwa kubadilisha ndege mara mbili. Usiniulize kama imelipa, mimi sijui kupiga hesabu hiyo.

Krismasi nikashuka Kilwa. Mama nikampa leso niliyomnunulia, nikamwambia hii kwao inaitwa lenço, akasema wametuiga. Alafu nikamwonyesha picha ya kile chombo kwenye simu, nikamweleza yote, 1502, kodi, mfalme, fundi, mitume. Akavaa miwani, akaivuta picha ikawa kubwa, akaisogeza huku na huku muda mrefu.

"Na wewe ulilipa kuingia kuiona?"

Nikamwambia ndio mama, nililipa.

Akanirudishia simu, akaenda kuangalia wali jikoni.